Nilivyoumaliza Wimbo wa Watu Kabla Haujaisha

Jamani, hili jambo nilikuwa sitaki kulisimulia, maana kila nikilikumbuka masikio yananipata moto, lakini kwa kuwa ile video mmeshaiona (na ambao hamjaiona mtatumiwa na shemeji zangu, nawajua wale), bora mlisikie kutoka kwa mwenyewe kuliko kwa watu wa kuongeza chumvi. Ndiyo, yule mshereheshaji mwenye suti ya rangi ya damu ya mzee, anayeonekana akimburuta mgeni rasmi kwa mkono jukwaani huku watu wanashangilia, ni mimi. Shija. Na sikuwa nimelewa. Ningekuwa nimelewa angalau ningekuwa na cha kujitetea.

Kazi yangu ni kusherehesha shughuli za watu. Shinyanga mjini harusi, kipaimara, kumuaga bosi anayehamishwa, hata uzinduzi wa duka la vifaa vya pikipiki nimewahi kusherehesha, na watu wakacheka. Nina mdomo. Mama anasema nilianza kuongea kabla sijaota meno, na kwamba tangu hapo hakupata tena nafasi ya kumaliza sentensi.

Sasa, ili mnielewe, lazima kwanza niwaeleze habari ya Kimondo Jazz.

Kwetu Samuye, Kimondo haikuwa bendi tu, ilikuwa kama ukoo mwingine tuliozaliwa nao. Mama alikuwa msichana wakati wanaanza, na mwimbaji wao, Mzee Dominiki, alikuwa na sauti ambayo (kwa maelezo ya mama, baba akiwa hayupo karibu) ilikuwa inamfanya mtu asahau amebandika nini jikoni. Tulikuwa na kanda zao zimechakaa hadi sauti inayumba kama mtu ana mafua, na bado zilipigwa kila Jumapili. Kisha miaka hii ya karibuni mambo yakabadilika. Mzee Dominiki akaokoka, akasema nyimbo za dunia basi, sasa anaimba kwaya. Mpiga gitaa la solo naye vidole vikaanza kukakamaa, akahamia kwa binti yake Dodoma. Watu wote tukasema Kimondo imekwisha, ipumzike salama.

Kumbe mwenye bendi hakusikia huo msiba. Mzee Bundala, mpiga besi na kiongozi wao tangu mwanzo, mtu mfupi, mkimya, anayevaa kofia ya pama hata ndani ya nyumba, alikwenda Kahama akamchukua msichana anaitwa Rehema, aliyesomea muziki chuoni, anaimba na kupiga kinanda kwa wakati mmoja, akaongeza na kijana wa gitaa, na wa zamani wakabaki yeye na mpiga ngoma wao, Mzee Sabuni. Na muziki ukageuka kabisa. Zamani wimbo wa Kimondo ulikuwa unajua unakwenda wapi: beti mbili, kiitikio, gitaa linachombeza, mnacheza, mnakaa. Sasa hivi wimbo mmoja unaanza una nywele nyeusi, unaisha una mvi. Unaanza taratibu kama wa kanisani, unageuka dansi, mara zinaingia ngoma za bugobogobo kama watu wako shambani na majembe, mara kinanda peke yake kinalia, mara mwendo unabadilika mguu wako ukiwa bado hewani.

Mashabiki waligawanyika vipande viwili. Kuna waliosema Kimondo imezaliwa upya, na kuna waliosema yule mtoto wa chuo kaja kuiua. Mama yangu alikuwa kiongozi wa hao wa pili. Nilipompigia wimbo mmoja mpya kwenye simu aliusikiliza kidogo tu, akanirudishia simu yangu.

"Hii si Kimondo," alisema. "Hii ni redio inatafuta stesheni."

Basi, siku moja Mzee Bundala akanipigia simu mwenyewe. Nilisimama wima niliposikia sauti yake, nikiwa saluni, nusu ya kichwa kimenyolewa.

"Shikamoo mzee!"

"Marahaba, baba. Habari za nyumbani? Mama hajambo? Sasa sikiliza. Tunazindua albamu Geita, Jumamosi ijayo. Nataka uje utushereheshee."

Akanieleza kwa utaratibu wake. Kuna tajiri mmoja kule, Mzee Malale, alikuwa mchimbaji mdogo akapata, sasa ana karasha za kusagia mawe na ana ukumbi mkubwa wenye uwanja, na alikuwa anatafuta bendi ya kupiga pale kila wiki. Alikubali kuwa mgeni rasmi ili awaone kwanza. Na Kimondo walikuwa hawana pa kupigia, kwa sababu ile baa yao ya miaka yote hapa mjini iligeuzwa duka la mabati. Yaani siku ile ikienda vizuri, wana nyumba. Ikienda vibaya, Mzee Bundala alisema, "Nadhani nitauza besi, nirudi kulima mpunga."

Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Mzee, niachie mimi."

"Nakuachia. Ila uje mazoezini Alhamisi, nyumbani kwangu Ibadakuli. Huo wimbo mkubwa wa albamu una vituo vyake. Lazima uusikie mzima kabla."

"Nitakuja, mzee. Bila wasiwasi."

Na hapa ndipo nilipouchimba mtego wangu mwenyewe kwa jembe langu mwenyewe. Alhamisi hiyo fundi wangu wa nguo alinipigia kwamba suti iko tayari kupimwa. Hiyo ya damu ya mzee, ina kola ya kung'aa (msicheke, mlikuwa hamjaiona ikiwa mpya). Ibadakuli na kwa fundi ni pande mbili tofauti za mji, na jua lilikuwa kali, nikajiambia moyoni: Shija, wewe umenyonya Kimondo pamoja na maziwa ya mama, leo unaenda kufundishwa kusikiliza wimbo? Wimbo si wimbo tu? Unaanza, unaisha, unasema "makofi tafadhali". Nikaenda kwa fundi. Nikamtumia Mzee Bundala ujumbe kwamba nimebanwa kidogo, lakini albamu nimeielewa. Akajibu neno moja: "Haya."

Nilipaswa kuliogopa lile "haya".

Jumamosi tukaenda Geita, na mama nikamchukua. Alikataa kwanza, akasema hawezi kusafiri umbali wote ule kwenda kusikiliza stesheni inayotafutwa, lakini nilipomwambia Mzee Sabuni bado yupo kwenye ngoma, akaenda kuchukua kitenge chake kizuri. Uwanja wa Mzee Malale ulikuwa umejaa mapema: wachimbaji waliooga wakapaka mafuta hadi wanang'aa, mama lishe, wafanyabiashara wa dhahabu wenye viatu vilivyochongoka, wazee mashabiki wa Kimondo ya zamani kutoka Shinyanga waliokuja (hili nililisikia kwa masikio yangu) "kuona inavyozikwa". Upande wa nyuma kulikuwa na masufuria ya pilau yamefunikwa, na harufu yake tangu saa sita mchana ilikuwa inapita katikati ya viti kama mhudumu.

Rehema nilimkuta nyuma ya jukwaa, amekaa juu ya boksi la spika, anajipepea. Nikamsalimia kwa mbwembwe, nikamuuliza kama ana hofu.

"Kaka Shija, nina hofu hadi miguu haipo," alisema. "Wale wazee wa mbele wamekuja kunichukia. Na huo wimbo mkubwa nimeuandika mimi. Ukishika, nimeshika. Usiposhika, narudi Kahama kufundisha watoto do-re-mi."

"Dada, utashika. Mimi nitaushikia hapo juu."

Mungu anisamehe.

Tukaanza vizuri sana. Nikapanda, nikasalimia kwa Kisukuma, "Mwadila!", uwanja ukaitika, nikatania wachimbaji kidogo, nikamkaribisha Mzee Malale, mtu mkubwa mwenye suti nyeupe, akapunga mkono akakaa kiti cha mbele kabisa, kile chenye kitambaa. Kimondo wakapiga nyimbo mbili za zamani, wazee wakacheza, mama nikamwona kule nyuma anatikisa mabega. Kisha Rehema akasogea kwenye kipaza sauti, akasema taratibu, "Huu unaitwa Duara." Duara, kwa msiolijua, ndiyo lile shimo la wachimbaji wetu. Uwanja mzima ukanyamaza, maana pale kila mtu duara limemgusa kwa namna yake.

Wimbo ukaanza na besi ya Mzee Bundala inashuka, inashuka, kama mtu anateremshwa na kamba, na Rehema anaimba jinsi mwanga unavyobaki juu ukawa mdogo kama kifungo cha shati. Ngoma zikaingia, za bugobogobo, nzito, watu wanachimba. Nilikuwa pembeni ya jukwaa na nikawa najisemea, kumbe wimbo wenyewe mtamu! Kisha vyombo vyote vikapiga pamoja, pa! Kimya.

Nikaruka jukwaani. "Makofi kwa Kimondo Jazz, wana Geitaaa! Hii ndiyo Kimondo mpya, nawaambia, na sasa…"

Gitaa likaanza tena, taratibu, mgongoni kwangu.

Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka, nikasema, "Aaa, kumbe mzee ana mkwaju wa pili," nikashuka kinyumenyume. Mzee Bundala alinitazama kutoka chini ya pama lake, akanitikisia kichwa polepole. (Baadaye nilijua maana yake ilikuwa "usirudie". Siku ile nilidhani ananipongeza kwa utani.)

Hapo mtu mwenye akili angekaa chini hadi aitwe. Mimi nikajiambia, sasa nimeujua mchezo wao, sidanganyiki tena, mara ya pili nitaangalia dalili. Nikakaa macho kodo. Wimbo ukaenda, ukapanda, ukageuka, Rehema akaimba sehemu moja peke yake, sauti inapungua, inapungua, taa inazimika huko chini, neno la mwisho hata hukulisikia vizuri. Kimya tena. Safari hii kimya kirefu. Nikaangalia dalili zangu. Rehema ameondoa mikono kwenye kinanda, ameiweka mapajani. Kijana wa gitaa ameinama. Mzee Bundala amevua pama, jambo ambalo halijawahi kutokea. Mzee Sabuni ameketi mikono juu ya magoti, macho ameyafumba kama anayeshukuru Mungu. Na uwanja mzima hakuna hata anayekohoa.

Nikasema, huu umeisha. Usipoisha huu, nikatwe kichwa.

Nikapanda. Na kwa kuwa nilitaka kufidia aibu ya kwanza, nikapanda na nguvu zote za mwili wangu. "Naaam! Duara hilo, wana Geita! Wimbo umeisha, bendi inapumzika! Karibuni chakula! Wazee na akina mama watangulie, pilau lipo la kutosha, na wakati mnahudumiwa, kabla hatujaendelea, namwomba mgeni rasmi, Mzee wetu Malale, aje atupe neno!"

Mkiwa mmekaa na harufu ya pilau tangu saa sita, mkisikia "karibuni chakula", mtafanya nini? Uwanja wote ulisimama. Viti vikalia kra-kra-kra, watu wakaelekea nyuma kama ng'ombe waliofunguliwa zizi. Rehema alikuwa ananipungia mikono miwili, nikadhani anaaga mashabiki, nami nikampungia. Mzee Malale alikuwa mtu wa utaratibu, ameitwa, akaja, ngazi mbili tu yuko juu, akapokea kipaza sauti, akasimama mbele kabisa ya ngoma za Mzee Sabuni, akakohoa.

Sasa jambo ambalo sikulijua, na ambalo mtu yeyote aliyekuwepo Ibadakuli Alhamisi alilijua, ni kwamba Mzee Sabuni kwenye kile kimya huwa anafumba macho anahesabu kimoyomoyo. Na baada ya miaka yote ya kukaa karibu na matoazi, sikio lake moja halisikii na la pili linasikia likipenda. Alikuwa kwenye hesabu zake. Hakuniona, hakunisikia, hakumwona Mzee Malale.

"Ndugu zangu wana Geita," Mzee Malale alisema, "kwanza kabisa nimshukuru Mwenyezi Mungu kwa…"

Hesabu ikafika. Na baada ya kile kimya, kwenye wimbo wa Duara, inakuja baruti.

Ngoma, matoazi, besi, gitaa, kinanda, vyote kwa mpigo mmoja, spika kubwa kama makabati! Mimi nilijikunja. Lakini Mzee Malale (aliyekaa chini ya ardhi ujana wake wote, mwili wake unajua mambo ambayo suti nyeupe haijui) alijitupa kifudifudi kwenye mbao za jukwaa, mikono kichwani, na kipaza sauti bado anacho, akapiga kelele ikasikika hadi barabara kuu:

"Laleni chini! Linatitia! Laleni chiniii!"

Na kwa kuwa nusu ya uwanja ni wachimbaji, nusu ya uwanja ililala chini. Foleni ya pilau ikalala chini. Nilimwona baba mmoja amechuchumaa ameinua sahani yake juu ya kichwa isimwagike hata punje.

Hapo ningefanya nini? Nikasema lazima nimnusuru mgeni rasmi. Nikamwendea nikamshika mkono, nikaanza kumvuta kuelekea ngazini. Yeye mtu mzito. Navuta, hasogei. Na bendi imeshaanza, huwezi kuwasimamisha, wimbo ule ukishaingia hapo ni kama mteremko, na mnajua sehemu inayofuata baruti ni ipi? Ni sehemu ya kuwaokoa waliofukiwa. Rehema, masikini, afanyeje, akaimba maneno yake kama yalivyo: "Mvuteni, mvuteni, kamba isikatike!"

Watu walioanza kuinuka vumbi likiwa magotini wakatazama jukwaani, wakaona mtu mwenye suti nyeupe amelala, mtu mwenye suti ya damu ya mzee anamvuta, na mwimbaji anaimba mvuteni. Wakadhani ndiyo mchezo wenyewe! Mtu mmoja akaitikia "Mvuteni!" Wakaitikia kumi. Wakaitikia wote. Uwanja mzima, sahani mikononi, "Mvuteni! Mvuteni!", na kila wanavyopiga kelele mimi nazidi kuvuta kama punda, na Mzee Malale huku chini ananiambia, sauti inatoka kwenye spika zote, "Niache we mtoto! Niache, nina mgongo mimi!", na watu wakazidi kushangilia wakadhani hata hayo yameandikwa. Nilimfikisha kwenye ngazi hatimaye, tukakaa wote wawili pale, tunahema, jasho linatutoka, suti yake nyeupe imekuwa ya rangi ya udongo wa Geita.

Hakuniangalia. Nami sikuwa na uso wa kumwangalia.

Wimbo ukapanda juu, mwanga ukarudi, ukateremka vizuri, ukanyamaza.

Mimi nikakaa kimya kama jiwe. Nikasema hapana. Mara ya kwanza mlinipata, ya pili mlinipata, ya tatu hata malaika ashuke sipandi. Nikauma midomo. Bendi imesimama, inaniangalia. Watu wameganda, wananiangalia. Mzee Bundala akanitikisia kichwa, na kwa kuwa sasa nilikuwa nimejifunza maana ya kichwa chake, nikakaa zaidi. Rehema akaninyooshea mkono. Nikatazama pembeni. Kimya kikaendelea hadi nikasikia mfuniko wa sufuria unagongwa na mvuke kule nyuma. Hakuna anayethubutu kupiga makofi, kila mtu anaogopa kuwa Shija wa pili.

Ndipo kutoka nyuma ya uwanja ikaja sauti ninayoijua tangu tumboni.

"Shija! We Shija mwanangu! Umeisha huo, baba, sema tule!"

Uwanja ulipasuka. Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Watu waliegemeana, akina mama walifuta machozi kwa vitenge, wale wazee waliokuja kuzika walikuwa wanapigapiga migongo ya wenzao, na makofi yakaja juu ya kicheko, marefu, ya kweli, watu wamesimama, wanapiga miluzi. Niliangalia jukwaani nikaona Rehema ameziba uso kwa mikono. Mabega yanatetemeka. Nikajua analia, na mimi ndiye niliyemliza.

Nikaenda nyuma ya jukwaa kama mtu anayekwenda polisi mwenyewe. Mzee Bundala alikuwepo, anafuta besi yake kwa kitambaa, wala hakupandisha sauti.

"Shija," alisema, "nimempoteza mwimbaji. Nimempoteza mpiga gitaa. Leo kidogo nimpoteze na mgeni rasmi."

"Mzee, nisamehe. Alhamisi nilikwenda kupima suti."

Akaitazama suti, juu hadi chini. Kisha akarudi kufuta besi. Ningependa angenitukana.

Nikamgeukia Rehema. Alikuwa ameondoa mikono usoni na kumbe nilikosea, alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, hawezi kuacha hata kimoja.

"Kaka Shija, kile kimya," alisema alipopata pumzi, "kile kimya ndicho kilikuwa kigumu kuliko nota zote za albamu. Pale taa imezimika chini, na walio juu wanasikiliza kama mtu wao bado yupo. Nilitaka watu wasikilize hivyo. Nikakaa nacho nikakipima na Mzee Sabuni hadi kikakaa. Wewe ukakijaza pilau."

Hapo ndipo nilipoumia kweli. Yale mengine yote yalikuwa aibu ya mwili, mtu anaoga inatoka. Hili lilikuwa la kumharibia mtu kitu alichokitengeneza kwa uangalifu, mbele ya watu waliokuja kumchukia. Nikataka kumwambia samahani, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu mdomo haukuleta neno.

Mzee Malale akaingia. Tukasimama wote. Alikuwa amevua koti, amebaki na shati, vumbi hadi kifuani. Nikapiga magoti kabisa, nikasema, "Mzee wangu, shikamoo, naomba msamaha, kosa ni langu peke yangu, bendi usiihukumu."

"Marahaba. Inuka." Akamtazama Mzee Sabuni, aliyekuwa anauliza watu kimetokea nini. "Ni huyu aliyepiga ile baruti?"

"Ni huyo," Mzee Bundala alisema.

Mzee Malale akaanza kucheka. Kicheko kilianza tumboni, kikapanda taratibu, hadi akashika mlango. "Miaka yote tangu nitoke chini sijaruka hivyo! Nilidhani miguu imeshakuwa ya mzee." Kisha akatulia, akamwambia Rehema, "Mwanangu, nani alikuambia habari za kule chini? Maana kabla huyu hajaniita, pale uliponyamaza, nilikuwa nimeshika kiti kwa mikono miwili."

Rehema akafuta macho kwa kiganja. 

"Basi watu wakishakula, urudie. Wote, tangu mwanzo. Na huyu," akaninyooshea kidole, "akae mahali ninapomwona."

Watu wakala. Wimbo ukarudiwa. Mimi nilikaa kwenye mkeka pembeni ya mama, mbele ya Mzee Malale, mikono mapajani kama mtoto wa ubatizo. Besi ikashuka, ngoma zikachimba, kimya cha kwanza kikapita salama. Kisha sauti ya Rehema ikapungua, ikapungua, taa ikazimika. Na safari hii nikakisikia. Uwanja mzima, watu wote wale walioshiba, hakuna aliyesogeza hata kijiko. Mama akaushika mkono wangu, akaukaza. Nikamtazama, macho yake yako kwenye ngoma za Mzee Sabuni lakini haoni ngoma.

"Baba yako alipokuwa anachimba huku," alisema kwa sauti ndogo sana, "jioni nilikuwa nasikiliza hivi hivi. Nilikuwa naisikiliza barabara, kama anarudi."

Baba yupo nyumbani Samuye, mzima, anagombana na ng'ombe zake, na mimi maisha yangu yote sikuwahi kujua hilo. Baruti ikapigwa, watu wote tukaruka, tukacheka, na sehemu ya kuvuta kamba ilipofika hakuna aliyehitaji kuambiwa, uwanja mzima ulikuwa juu, wazee wa Shinyanga mbele kabisa, na mama yangu amejifunga kitenge kiunoni anavuta kamba isiyoonekana pamoja na mama lishe asiowajua. Ulipoisha, ukaisha. Kila mtu alijua. Mama alirudi kukaa anahema, akasema, "Dominiki angeimba vizuri zaidi pale mwanzo." Kisha baada ya muda: "Lakini huu wa huyu binti asingeuweza."

Kimondo wakapata ukumbi. Kila Jumamosi wako Geita, Duara unapigwa wa mwisho, na watu wanatoka hadi Mwanza kuja kuusikia. Na mimi, msione ajabu, bado ni mshereheshaji wao, Mzee Bundala alisema mtu aliyeaibika kiasi kile hawezi kurudia. Sikosi mazoezi. Nafika kabla ya spika. Nimeapa kwa jina la mama yangu kwamba sitatangaza tena mwisho wa kitu ambacho sikukianza mimi, iwe wimbo, iwe sala, iwe ugomvi wa mke na mume. Ila Mzee Bundala ni mtu wa kuhakikisha. Kipaza sauti changu kina swichi, na swichi ameiweka kwenye kinanda, chini ya kidole cha Rehema.